Kitanda Kilikuwa na Joto: Kisa cha Kigunduzi cha Gesi Kilichochomolewa Fyuzi

Usiku wa tatu, yapata saa kumi alfajiri, baba mmoja alitoka mbio kwenye karavani yake miguu peku, binti yake wa miaka 11 amemlaza begani kama mtoto mchanga. Mkewe alimfuata huku ameshika kichwa. Walikaa kwenye nyasi zilizolowa umande, watu watatu blanketi moja, mpaka gari la zimamoto lilipofika. Wote wako hai na wana afya. Nalitanguliza hilo ili msomaji asikisome kisa hiki roho juu, maana nataka azitazame kwa utulivu hatua ndogondogo zilizowafikisha kwenye zile nyasi. Karibu kila moja ilikuwa na akili ndani yake.

Mimi ni fundi wa umeme na gesi wa nyumba za magurudumu, zile za kuvutwa na zile zenye injini yake. Niliitwa siku mbili baadaye kutafuta chanzo, na wenyewe wameniruhusu nieleze yote bila kutaja majina.

Karavani ile ilikuwa na vigunduzi vitatu. Cha moshi kilikuwa darini, karibu na jiko ila si juu yake. Cha gesi ya kupikia kilifungwa ukutani chini, kama sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, na ikivuja hutambaa chini na kujaa kama maji kwenye beseni. Cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, kilikuwa upande wa kitanda cha wazazi, usawa wa kichwa, kwa kuwa gesi hiyo uzito wake unakaribiana na wa hewa na huchanganyika nayo chumba kizima. Cha moshi na cha kaboni vilikuwa na betri zake ndogo. Cha gesi kilipata umeme kutoka betri kubwa ya karavani, volti 12, usiku na mchana, kupitia fyuzi yake. Hilo la betri kubwa tutalirudia.

Kwa hiyo mpangilio ulikuwa mzuri. Visa vingi ninavyoitwa huanzia kwenye mpangilio: cha gesi mtu amekipandisha darini, cha moshi amekitoa kwa sababu kinapiga kelele kila akipika. Hapa hapakuwa na kosa la namna hiyo.

Masiku matatu

Karavani ilikuwa imeegeshwa miezi mitano bila kuguswa. Walipofika nayo kambini betri kubwa ilikuwa imekwisha kabisa. Wakachomeka waya kwenye nguzo ya umeme ya nje, taa zikawaka, friji ikaanza kunguruma, na chaja ya ndani ikaanza kuijaza betri. Wakaona mambo yamekaa sawa.

Betri ilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda cha binti. Usiku wa kwanza, wakati wa kulala, binti alisema, "Mama, kitanda changu kina joto." Nje kulikuwa na baridi. Mama akamfunika vizuri, akamwambia ana bahati. Siku niliyokutana naye alinisimulia neno hilo mara tatu, na kila mara aliishia katikati ya sentensi.

Saa nane usiku kigunduzi cha gesi kikalia. Baba aliamka, akawasha taa, akasikia harufu ya mayai yaliyooza. Akatoka nje, akafunga mtungi, akarudi ndani kufungua madirisha na mlango. Baada ya dakika kumi kelele zikaisha. Asubuhi alichukua brashi na maji ya sabuni, akapaka kila kiungo kuanzia regulata na mpira mpaka nyuma ya jiko. Hakuona povu hata moja likivimba. Harufu nayo ilikuwa imekwisha.

Usiku wa pili walilala mtungi umefungwa. Saa saba kigunduzi kikalia tena. Baba akafungua madirisha kama jana yake, kisha akakivua kigunduzi ukutani na kusoma nyuma yake. Kilikuwa na umri wa miaka tisa. Vigunduzi vya gesi vya aina hiyo, watengenezaji wengi huvipa miaka 5 hadi 7.

"Fundi, niliona nimepata jibu," aliniambia. "Mtungi umefungwa, chombo kimezeeka, na bado kinalia. Kitakuwa kinalilia nini?"

Akakirudisha ukutani, akaenda kwenye sanduku la fyuzi na kuchomoa ya kigunduzi. Kukawa kimya. Wakalala, madirisha mawili yakiwa wazi.

Usiku wa tatu ulikuwa na mvua, hivyo walifunga kila kitu. Saa kumi kasoro kililia kile cha kaboni. Mama aliamka kichwa kikimgonga na macho yakiwasha, ila hakusikia harufu yoyote. Ndani hapakuwa na kitu kinachowaka: jiko limezimwa, mtungi umefungwa, friji inatumia umeme, jenereta hawana. Baba alishaanza kusema kwamba na hiki nacho kimeharibika. Mama akamkatiza. Alichosema, kwa maneno yake mwenyewe, ni hiki: "Viwili haviwezi kuharibika wiki moja. Mbebe mtoto tutoke."

Binti alikuwa mzito kuamka. Alipofika nje alitapika.

Zimamoto walikuja na kile kipimo chao cha gesi nne, kinachosoma oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksidi na salfaidi ya haidrojeni, ambayo ni gesi ya sumu yenye salfa. Kilianza kulia kwa salfaidi kabla aliyekishika hajavuka ngazi ya mlango. Akarudi nyuma. Kabla ya kugusa chochote ndani, mwenzake alikwenda kwenye nguzo ya nje akakata umeme na kuchomoa waya. Kisha wakafungua mlango na madirisha yote na kusubiri. Walipoinua godoro la binti waliona ubao wa chini umebadilika rangi kwa joto. Betri ilikuwa imevimba mbavu zote mbili, na hakuna aliyeweza kuiwekea mkono.

Hospitalini damu yao ilipimwa ndani ya saa moja. Kaboni monoksidi haikuonekana zaidi ya kawaida kwa yeyote kati yao. Gesi hiyo hushika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mtu akipumua hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi sita kiasi chake mwilini kupungua nusu. Kama wangekuwa wameivuta, ingeonekana tu, hata kama wangepewa oksijeni njiani.

Ndiyo maana swali la kwanza baba aliloniuliza lilikuwa hili: "Basi vyote viwili vilikosea?"

Kilichokuwa chini ya godoro

Betri ya volti 12 ni seli sita zilizofuatana, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Ikiwa imejaa na imetulia, mita husoma 12.6 au 12.7. Ile niliyoikuta imepoa ilisoma 10.5. Fundi yeyote wa betri akiona namba hiyo kwenye betri iliyokuwa ikichajiwa usiku kucha anajua la kusema: seli moja imepiga shoti. Zimebaki tano, na tano mara 2.1 ndiyo hiyo 10.5.

Sasa mtazame chaja. Nilipoipima haikuwa na kosa lolote. Ilitoa volti 14.4 ya kujaza, kama ilivyoandikwa kwenye ubavu wake. Kwa seli sita, volti 14.4 ni 2.4 kwa kila seli, na hapo ndipo betri ya maji, yaani ya vibao vya madini ya risasi ndani ya asidi na maji, huanza kutoa mapovu ya gesi kidogo kidogo. Lakini ukizigawa volti zilezile kwa seli tano, kila moja inapata karibu 2.9. Hapo maji ndani ya betri yanapasuliwa kwa kasi kuwa haidrojeni na oksijeni, na kila kitu kinapata moto. Chaja ya namna hii husubiri mkondo upungue ndipo ishuke kwenye volti ya kutunza, 13.6 hivi. Kwa betri yenye seli iliyokufa mkondo haupungui. Chaja inaona betri bado ina njaa, inaendelea kuilisha, joto linaongezeka, na betri yenye joto hupokea mkondo mkubwa zaidi. Mduara huo ulizunguka masiku matatu chini ya mtoto aliyelala.

Nilipofungua vifuniko, seli mbili zilikuwa zimekauka mpaka vibao vinaonekana. Asidi ya salfuriki ikifikishwa hapo, kwa joto na kwa kuchajiwa kupita kiasi, hutoa pia salfaidi ya haidrojeni, na hiyo ndiyo yenye harufu ya mayai yaliyooza.

Propani yenyewe haina harufu. Kinachonuka ni merkaptani, dawa inayotiwa makusudi ili mvujo ujulikane, na dawa hiyo nayo ina salfa. Kwa hiyo pua ya baba ilipomwambia "gesi", ilikuwa inasoma salfa, na kwa mtu aliyetoka usingizini salfa ya mtungi na salfa ya betri ni ndugu wa baba mmoja. Simlaumu hata kidogo kwa hilo.

La kutisha zaidi ni usiku wa tatu, pale mama aliposema hakusikia harufu yoyote. Salfaidi ya haidrojeni hunuka hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, lakini pua huchoka nayo haraka mtu akikaa ndani yake, na ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni inaua kabisa uwezo wa kunusa. Kiwango hichohicho cha 100 ndicho wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanachokihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Mtu hupoteza harufu wakati ule ule anaoihitaji kuliko wakati wowote. Familia hii haikufika huko, na ushahidi wangu ni kwamba waliamka. Lakini macho kuwasha, kichwa kuuma na kichefuchefu ndizo dalili za mwanzo wa njia hiyo.

Chombo hakijui jina la gesi

Nilimjibu baba kwamba hakuna kilichokosea. Alibisha, na alikuwa na haki ya kubisha, kwa sababu kimoja kimeandikwa "gesi" na gesi haikuwapo, kingine kimeandikwa "kaboni monoksidi" na kaboni haikuwapo. Ikabidi nimfungulie vile vyombo mezani.

Ndani ya kigunduzi cha gesi cha aina ile kuna kipande kidogo cha oksidi ya bati kinachopashwa moto na umeme muda wote. Hewa safi ikipita, kipande hicho hubana umeme. Gesi inayowaka ikipita, humenyuka na oksijeni iliyoganda juu yake, na umeme unapita kwa urahisi zaidi. Chombo kinapima badiliko hilo, basi. Propani inalileta badiliko, na haidrojeni inalileta, na salfaidi, na mvuke wa spiriti, na dawa ya kupuliza nywele, na gundi mbichi ya samani mpya. Neno "gesi" lililoandikwa mbele ni la kiwandani. Kipande cha oksidi hakijawahi kulisoma.

Cha kaboni monoksidi kinafanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake kuna seli ya kemikali ambamo kaboni monoksidi inaunguzwa polepole kwenye kipande cha metali na kutoa mkondo mdogo wa umeme. Gesi ikiwa nyingi, mkondo unakuwa mkubwa. Haidrojeni nayo inaunguzika hapohapo vizuri sana. Watu wa zimamoto wanalijua hili kwa uzoefu: kaboni monoksidi inayosomwa kwenye chumba chenye betri inayochajiwa, na hakuna moto popote, huwafanya waitafute betri kwanza.

Na kile cha moshi? Kilikaa kimya masiku yote matatu, na kimya chake kiliwatuliza. Ndani yake kuna mwale wa mwanga unaosubiri vumbi la moshi liutawanye. Hapakuwa na moshi. Hewa inaweza kuwa inaua na bado ikawa angavu kabisa, na kigunduzi cha moshi hakina cha kusema kuhusu hewa ya namna hiyo.

Halafu baba akauliza swali zuri kuliko yote: kwa nini cha kaboni hakikulia usiku wa kwanza wala wa pili, kama betri ilikuwa inatoa haidrojeni tangu mwanzo?

Nilikaa nalo kwa muda. Jibu liko kwenye saa iliyo ndani ya chombo. Kigunduzi cha kaboni hakilii papo hapo. Kwa kiwango cha ubora cha Marekani kiitwacho UL 2034, kikikutana na sehemu 70 kwa milioni kinatakiwa kulia kati ya saa 1 na saa 4. Kwa 150, kati ya dakika 10 na 50. Kwa 400, kati ya dakika 4 na 15. Kiwango cha Ulaya, EN 50291, ambacho sehemu yake ya pili ni ya karavani na vyombo vya majini, kina namba nyingine lakini mantiki ni ileile: dozi ndogo, subira ndefu. Inafaa hivyo, kwa sababu kinacholewesha damu ni kiasi mara muda.

Usiku wa kwanza kigunduzi cha gesi kililia, baba akafungua madirisha, haidrojeni ikatoka, na ile saa ya cha kaboni ikaanza upya. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu fyuzi ilikuwa imechomolewa, mvua imefunga madirisha, na hakuna aliyeamshwa saa saba. Hewa ikajaa taratibu mpaka saa kumi. Kile chombo kikuukuu cha ukutani, kilichopita umri wake, ndicho kilichokuwa kimewapa hewa masiku mawili. Baba aliponielewa hapo alinyamaza muda mrefu, akatoka nje. Nilimwacha.

Naomba nisieleweke kwamba vigunduzi haviwi na makosa. Vinakuwa nayo. Cha gesi kinaweza kulia betri ikipungua volti. Hulia pia kwa manukato, kwa rangi, kwa pombe inayofutia meza. Na chombo kilichozeeka kinaweza kuwa chepesi mno kulia, au kizito mno, na kizito ndicho kibaya zaidi maana hakitoi kelele ya kukusumbua. Wala kitufe cha kujaribia hakitasaidia hapo, kwa kuwa kwenye vyombo vingi kinapima kengele na saketi tu. Ninachopinga ni mahali baba alipofanyia uamuzi wake: ndani, usiku, familia imelala, na kwa hoja hii kwamba mtungi umefungwa na bado kinalia, kwa hiyo ni kibovu. Mtungi uliofungwa ulithibitisha jambo moja tu, kwamba kinacholiliwa na kile kigunduzi hakitoki mtungini. Alikuwa ameshika nusu ya jibu mkononi. Nusu nyingine ilikuwa kwenye maneno ya binti kuhusu kitanda.

Kama angekuwa amenipigia simu usiku ule wa kwanza ningemwambia hivi: amsha wote mtoke, usiwashe wala kuzima taa yoyote, acha mlango wazi nyuma yako. Ukishafika nje funga mtungi na, kama swichi ya nguzo iko mbali na gari, kata umeme hapo. Simu upige ukiwa mbali. Ndani arudi mtu mwenye kipimo. Propani huanza kuwaka ikifika 2.1% hivi ya hewa na huendelea kuweza kuwaka mpaka 9.5%, haidrojeni huanzia 4%, na cheche ndogo sana inaitosha. Kigunduzi cha gesi kinatakiwa kulia kabla gesi haijafika robo ya kiwango cha chini cha kuwaka. Ile tofauti ndiyo muda uliopewa wa kutoka, na karavani ni chumba kidogo, hujaa upesi. Baba aliutumia muda huo kuwasha taa na kutembea ndani akifungua madirisha moja moja.

Na kwa betri yenye moto, jambo moja la kukazia: usivue waya za betri wakati chaja inafanya kazi. Cheche itatokea palepale juu ya vifuniko vinavyopumua haidrojeni. Kata umeme wa nje kwanza, pitisha hewa, subiri ipoe. Wale zimamoto walifuata mpangilio huo bila kuambiana neno.

Ilifikaje hapo

Betri haifi seli moja hivihivi. Nilirudi nyuma miezi mitano.

Nilipima mkondo uliokuwa ukitoka betrini kila kitu kikiwa kimezimwa: 0.1 ya ampea. Ulikuwa wa kigunduzi cha gesi, kile kipande kinachopashwa moto muda wote. Ni kidogo, lakini 0.1 kwa saa 24 ni ampea-saa 2.4 kwa siku, na betri ya ampea-saa 100 huisha kwa siku 42 hivi. Karavani ilikaa zaidi ya siku 150. Kwa hiyo betri ilikaa tupu kwa miezi mitatu na zaidi, na betri ya maji ikiachwa tupu, salfati ya risasi huganda juu ya vibao kama chumvi kwenye sufuria, vibao vinamomonyoka, matope yanakusanyika chini ya seli, na siku moja yanagusanisha kibao na kibao. Chombo kilichowekwa kulinda watu kiliimaliza betri polepole, na betri hiyo ndiyo baadaye ilitoa gesi iliyowaamsha. Sijawahi kukutana na kisa kingine ambacho mnyororo wake unajifunga hivi.

Bado hata betri iliyoharibika kabisa isingemfikia mtoto kama sanduku lake lingekuwa linapumua nje. Betri ya maji ikikaa ndani ya nyumba ya magurudumu inatakiwa iwe kwenye sanduku lililozibwa upande wa ndani, na lenye bomba la kutolea hewa nje. Sanduku hili lilikuwa na bomba, la plastiki, unene wa kidole gumba. Upande wa nje, chini ya sakafu, tundu lake lilikuwa limejazwa udongo mgumu. Niliuvunja kwa bisibisi ukatoka kipande kizima: kiota cha nyigu, chenye vijumba vyake vitatu, kimekauka siku nyingi. Upande wa ndani bomba lilikuwa halijashikizwa kwenye sanduku kabisa. Lilining'inia kando. Aliyebadilisha betri mara ya mwisho, miaka kadhaa iliyopita, hakulirudisha, na mfuniko wa sanduku aliurudisha na skrubu mbili badala ya sita. Ukipitisha mkono pembeni mwa mfuniko ule ulikuwa unahisi upepo ukipanda kuelekea godoro.

Hilo liliniuma kuliko seli iliyokufa. Betri kufa ni jambo la kawaida, na yeyote anayeweka betri ndani anajua siku yake itafika. Bomba lilikuwepo kwa ajili ya siku hiyo hasa. Kulishikiza ni kazi ya dakika mbili.

Nilichokibadilisha

Betri niliitoa, nikaweka nyingine ya maji, kwa sababu chaja ile imetengenezwa kwa betri za aina hiyo. Baba alitaka ya lithiamu, ambayo ikitumiwa sawasawa haitoi haidrojeni. Nilimwambia inawezekana, ila chaja nayo lazima ibadilishwe, na kisha asiifikirie kuwa imemwondolea haja ya kigunduzi chochote. Aliamua kusubiri. Sanduku nililihamishia nje ya eneo la kulala, kwenye kabati la mbele linalofunguka kwa nje tu. Bomba jipya limeshikizwa pande zote mbili, na mdomo wake una wavu mwembamba wa chuma. Nikiwa pale nilikagua na tundu la hewa la friji, maana nyigu na buibui hupenda sana sehemu zile, na friji ya gesi isiyopumua vizuri ndiyo inayoweza kuleta kaboni monoksidi ya kweli.

Kile kigunduzi cha zamani nilikiunganisha mezani kwa volti 12, nikakiacha kipate joto, kisha nikakipelekea gesi kidogo ya kiberiti cha gesi bila kuwasha. Si njia ya kujaribia chombo unachokusudia kuendelea kukitumia, kwani gesi nyingi ya ghafla huharibu kile kipande. Hiki nilikuwa nakitupa. Kililia baada ya sekunde chache. Kilikuwa kizima kwa siku ile, na bado nilikitupa, kwa sababu miaka tisa ni miaka tisa na siwezi kumwambia mtu kitalia mwaka ujao. Vipya viwili, cha gesi na cha kaboni, nimeviandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nene upande wa mbele, isomeke bila kuvua kitu ukutani. Cha moshi kilikuwa na miaka minne, na kwa kuwa hivyo hupewa miaka 10, nilikibadilisha betri tu.

Lilibaki lile la kuegesha. Nimefunga swichi kubwa inayokata betri na kila kitu, ili miezi ya kukaa isiitafune tena. Nje ya hapo, betri ijazwe walau mara moja kwa mwezi. Tatizo la swichi hiyo ni kwamba ikizimwa kigunduzi cha gesi nacho kinalala, na mtu anaweza kufika kambini usiku, amechoka, akafungua mtungi na kuwasha jiko bila kukumbuka kukiamsha. Kwa hiyo sikuiweka ndani pamoja na swichi nyingine. Iko kwenye kabati la mtungi, ukutani mkabala na vali, ila nje ya boksi lililozibwa ambamo mtungi wenyewe unakaa, na mpini wake mwekundu, swichi ikiwa imezimwa, unasimama mbele ya dirisha dogo ambalo mkono unapitia kuifikia vali. Ukitaka gesi, lazima uusukume kwanza.